Miezi kumi na minne akiitafutia Orvell muuguzi

Utasema ni uongo, lakini nusu ya mji wa Orvell walipita hapo siku hiyo. Mtu alikufa mchana kweupe, hatua kumi na tisa kutoka mlango wa kliniki. Mlango ulikuwa wazi. Ndani walikuwamo wauguzi wawili wamekaa tu, hawana mgonjwa hata mmoja. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwambia asubiri.

Na mtu wa mwisho kumuona akiwa hai, akampungia mkono kabisa, ni huyu mama anayeifungua kliniki sasa hivi.

Saa moja na nusu asubuhi. LaVonne Pitzer anazungusha ufunguo, anausukuma mlango kwa bega, anawasha taa, anateleka kahawa. Koti hajavua. Anakaa kwenye meza ya mapokezi, anafunua daftari la kijani, anapiga simu.

"Habari za asubuhi, naitwa LaVonne, napiga kutoka Orvell, Nebraska. Orvell. Hapana mama, ipo, ukiivuta ramani karibu inatokea. Vuta tena. Vuta tena."

Anasikiliza kidogo. Anashukuru, anakata, anaandika "hapana" mbele ya jina. Ni jina la mia moja na kumi na saba.

"Huyu amecheka kabla ya kukataa," anasema. "Angalau tumemfurahisha mtu leo."

LaVonne ana miaka hamsini na minane. Analipwa dola kumi na saba kwa saa kupokea wagonjwa, kutunza mafaili, kufua mashuka na kumwaga chumvi mlangoni barafu ikiganda. Kutafuta muuguzi si kazi yake. Kampuni inayomiliki kliniki, ambayo ofisi zake ziko mjini mbali huko, iliweka tangazo mtandaoni mara moja, ikakaa kusubiri. Yeye akaona wakisubiri hivyo watasubiri mpaka kiyama, akanunua daftari.

Anayemtafuta ni muuguzi mtabibu, yaani yule aliyeongeza masomo mpaka akaruhusiwa kupima, kuandika dawa na kutibu mwenyewe bila daktari kusimama nyuma yake. Orvell ina watu mia nne na kumi na wawili. Daktari hawajawahi kuwa naye tangu LaVonne anasoma sekondari. Hospitali iko maili sitini na mbili, na theluji ikipeperuka barabara inafungwa.

Kwa miaka ishirini na sita aliyewatibu ni Connie Reischl. Sasa ana miaka sabini na moja na mikono inatetemeka. Mwaka jana mwezi wa tatu aliletewa mtoto aliyepasuka kidevu. Akashika sindano, akaitazama, akairudisha kwenye sahani. Akamwambia mama wa mtoto awashe gari waende hospitali.

Jioni ile akamwita LaVonne chumba cha dawa.

"Nawapa mpaka Juni mwakani," akamwambia. "Baada ya hapo natoka. Sitaki kumuua mtu kwa ubishi wangu."

"Umewaambia kampuni?"

"Nimewaambia. Wamesema asipopatikana mwingine ikifika tarehe thelathini Juni, wanafunga."

"Wamesema hivyo hivyo?"

"Wamesema wanasikitika kwanza. Halafu ndiyo hivyo hivyo."

Sasa ngoja uelewe kitu kimoja kuhusu watu wa huku, maana bila hicho habari yote utaiona ya ajabu. Watu wa huku hawapendi kusumbua. Mtu atakuja na trekta lake kukuondolea theluji mlangoni kabla hujaamka, na ukitoka kumshukuru ameshaondoka, hataki shukrani zako. Lakini yeye akiumwa, hutajua. Kuna mwanamume hapa aliteguka bega wakati wa kuvuna mahindi, akaendesha mashine ya kuvunia siku nne kwa mkono mmoja. Alipofika kwa Connie, neno la kwanza alilosema ni "samahani."

"Wote huanza na samahani," Connie anasema. "Kuna mmoja aliniomba radhi huku damu inamtoka kichwani. Alikuwa anaogopea zulia."

Basi habari za mikono ya Connie zilipoenea, mji mzima ukafanya kitu ambacho kwao ni upendo. Wakaacha kuja, ili apumzike. Mwenye presha akaendelea na vidonge vya zamani, mwenye kikohozi akajichemshia limau. Kliniki iliyokuwa inapokea watu kumi na wanne kwa siku ikashuka hadi sita. Kule kwenye ofisi za kampuni hakuna aliyeona upendo. Waliona sita.

Hapo ndipo akapatikana Mireya Castañeda, jina la sitini na tatu kwenye daftari. Miaka thelathini na minne, anatoka mji wa Grand Island, ana mtoto wa kiume wa miaka sita na mkopo wa chuo. Hakucheka kwenye simu. Aliuliza shule ya msingi ina walimu wangapi. LaVonne anasema kwa swali hilo alijua huyu anafikiria kuhama kweli.

Mireya akasema atakuja Februari, siku mbili, Jumatano na Alhamisi, akae na Connie aone kazi.

LaVonne akapigia simu kila nyumba. Alitaka wagonjwa wajae mpaka wakae sakafuni. Simu aliyompigia Merle Stroh, mfugaji wa ng'ombe mwenye miaka sabini na sita, anaikumbuka neno kwa neno.

"Merle, unakuja Jumatano?"

"Kufanya nini?"

"Kupimwa presha, mzee wewe. Mgeni akuone."

"Siku yake ya kwanza nimpelekee mwili huu? Atarudi kwao kabla ya chakula cha mchana."

"Merle, nakuomba."

"Nitakuja akishazoea. Mwache binti wa watu apumue. Arlys atawaletea mikate ya mdalasini."

Arlys ni mkewe Merle, wameoana miaka hamsini na mmoja. Na kila nyumba aliyopiga LaVonne alijibiwa hivyo hivyo, kwa upole uleule. Akishazoea. Tusimchoshe. Wacha kwanza afike.

Jumatano alfajiri Merle alikuja na trekta, akaondoa theluji mbele ya nyumba aliyofikia Mireya, akaondoka. Kufikia saa nne asubuhi kliniki ilikuwa imeletewa mabakuli sita ya chakula. Wagonjwa walikuja wawili. Mmoja mtoto anayeumwa sikio. Wa pili dereva wa lori aliyetaka fomu yake isainiwe.

"Nani atakula hivi vyote?" Mireya akauliza.

"Wewe," Connie akamjibu. "Ukibakiza wataulizana umechukia nini."

Alhamisi akaja mmoja tu, bibi aliyeleta keki. LaVonne alimkamata mlangoni akamkalisha kwa nguvu apimwe presha, ndiyo ikahesabika kuwa mgonjwa.

Siku hiyo chakula cha mchana kilichelewa, maana kila wakitaka kukaa mtu anabisha na bakuli lingine. Saa saba na nusu ndiyo Connie na Mireya wakakaa kwenye kameza kadogo nyuma ya mapokezi, panapoonekana vizuri kutoka nje kupitia dirisha kubwa. Mezani kulikuwa na mchuzi mzito wa maharage, nyama ya kusaga na pilipili, na ile mikate ya mdalasini ya Arlys.

"Mnakula hivi pamoja kweli?" Mireya akauliza. "Mchuzi wa pilipili na mkate wa sukari?"

"Chovya," LaVonne akamwambia. "Usifikirie. Chovya tu."

Akachovya. Akachovya tena. Wakacheka wote watatu, na LaVonne akajisemea moyoni, huyu ameshakuwa wetu.

Saa nane kasoro dakika ishirini akainua macho, akaona pikapu nyeupe ya Merle imeegeshwa mbele ya kliniki, injini inaunguruma. Hakushangaa. Kila Alhamisi Arlys anatengenezwa nywele saluni ya jirani, na Merle humsubiri nje. Merle akamuona. Akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndivyo watu wa huku wanavyosalimiana barabarani. LaVonne akampungia. Simu ikalia, akageuka kupokea.

Saa tisa na dakika kumi Mireya akafunga begi. Gari lake lilikuwa uani, kwa hiyo alitokea mlango wa nyuma. LaVonne akamsindikiza.

"LaVonne, watu wenu ni wazuri sana," akamwambia. "Lakini nimekaa siku mbili na nimekula kuliko nilivyotibu."

"Si kawaida hivi. Wanakuogopea uchovu."

"Labda. Lakini mimi nina mtoto. Nikimhamishia huku, kampuni ikahesabu wagonjwa watatu kwa siku mbili, mwakani wanafunga. Nitakwenda wapi naye?"

LaVonne akamfungulia mlango wa gari.

"Nimeitwa mji mwingine pia, wenye hospitali," Mireya akaendelea. "Nimewaambia nitawajibu mwisho wa mwezi. Kama kuna kitu hapa sijakiona, niambie kabla ya hapo. Nipe sababu moja."

Akaondoka. Theluji ilikuwa nyepesi, taa zake zikaonekana mpaka kwenye ghala la nafaka, zikakata kona.

Saa kumi LaVonne akatoka mlango wa mbele na ndoo ya chumvi. Pikapu ilikuwa bado ipo. Injini bado inaunguruma. Siku hiyo saluni haikufunguliwa, mwenye saluni alikuwa na mafua, jambo ambalo LaVonne hakulijua. Redioni mtu alikuwa anasoma bei za ng'ombe. Akagonga kioo, akifikiri Merle amelala.

Connie alitoka mbio bila koti. Merle alikuwa ameshapoa mikono.

Mfukoni mwake alikuwa na kale kadaftari ambako kila mfugaji huku hutembea nako msimu wa ng'ombe kuzaa, ka kuandika ndama gani kazaliwa lini. Katikati ya namba za ndama, kwa penseli, aliandika kama anavyoandika habari za ng'ombe wake:

"Kifua, tangu saa tano na dakika arobaini. Si vibaya sana."

Chini yake: "Saa nane kasoro. Nimefika. Wanakula. Wacha wamalize."

Na chini kabisa, herufi zimelala: "Bado wanakula."

Ndani kulikuwa na mashine ya kupima moyo. Kulikuwa na aspirini, oksijeni, na simu ya kuita helikopta ya wagonjwa inayofika kwa dakika ishirini na tano. Connie anasema hawezi kuapa kwamba angepona. "Lakini nina miaka ishirini na sita ya kazi hii," anasema, "na mikono yangu inatetemeka, lakini ya Mireya haikuwa ikitetemeka."

Huyo ndiye aliyekufa kwa ajili ya kutosumbua mlo wa watu. Na LaVonne, akiwa amesimama pale na ndoo ya chumvi, anasema aibu kubwa aliyo nayo ni kwamba ndani ya dakika tano tu, kabla hata machozi hayajatoka, alifikiri, ile sababu aliyoiomba Mireya ndiyo hii.

Jioni ya siku ya mazishi alikwenda kwa Arlys na bakuli la tambi na kuku. Jikoni walikuwa wawili tu. Kadaftari kalikuwa mezani.

"Arlys, yule muuguzi mgeni hajui. Aliondoka kabla."

"Bora."

"Aliniambia akipata sababu ya kuja—"

"Usimwambie yule binti," Arlys akasema. Hakupandisha sauti. "Alikuwa anakula tu. Atabeba mzigo usio wake."

LaVonne akaitikia kwa kichwa. Akaosha vyombo, akaenda nyumbani.

Zikafuata wiki tatu ambazo hawezi kuzisimulia vizuri. Kila asubuhi alilifunua daftari kwenye namba sitini na tatu. Mara nne alipiga, ikaita mara moja, akakata. Mireya akatuma ujumbe, "Umenitafuta?" Akajibu, "Simu ilijipiga tu mfukoni, samahani kwa usumbufu." Alijiambia hawezi kumtumia marehemu kama chambo. Alijiambia mjane ameshasema. Alijiambia binti ana akili zake, akitaka kuja atakuja.

Februari ikaisha. Jumatatu ya tarehe tatu Machi kampuni ikatuma barua kuuliza vitanda vya kupimia wagonjwa vipo vingapi na vina hali gani. Vitanda, kama mtu anayejipanga kuhama. Alipoisoma akapiga simu, na safari hii hakukata. Akamweleza Mireya yote, pikapu, kidole, kadaftari, bado wanakula.

Mireya akauliza ilikuwa saa ngapi. LaVonne akamtajia.

"Nimesaini Ijumaa," Mireya akasema.

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii hii iliyopita. Nimeshalipia nyumba. Mtoto nimeshamwandikisha shule." Halafu, "Kwa nini hukuniambia?"

"Mkewe aliniomba."

"Wiki tatu, LaVonne. Mimi nilikaa pale nikala ule mchuzi nikaondoka nikijua hamnihitaji." Alikuwa analia sasa. "Kwa hilo ningekuja. Ningekuja na godoro juu ya gari."

Kesho yake LaVonne akaenda kwa Arlys kutubu. Alijiandaa kutukanwa. Alisimama jikoni na koti lake akasema amevunja ahadi, amemwambia yule muuguzi.

"Lini?" Arlys akauliza.

"Jana."

"Jana?" Arlys akaacha alichokuwa anafanya. "Na wiki tatu zote ulikuwa wapi?"

"Si ulisema nisimwambie."

"Nilisema mara moja."

LaVonne hakuelewa mara ile. Halafu akaelewa. Huku kwao mtu akikataa mara ya kwanza hajakataa. Ni adabu. Unamkaribisha kahawa, anasema usijisumbue. Unamkaribisha tena, anasema hapana kweli. Ya tatu ndiyo jibu. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo.

"Siku ile ulikuja na tambi zako," Arlys akasema. "Nikasema sina njaa. Ukaniambia kula kidogo. Nikasema siwezi. Ukaniambia kijiko kimoja, Arlys, kwa ajili yangu. Nikala. Tambi umeniuliza mara tatu. La Merle umeniuliza mara ngapi?"

"Ulikuwa umemzika siku hiyohiyo. Niliogopa kukusumbua."

"Ee," Arlys akasema. "Wote tunaogopa."

Akamvutia kiti akae. LaVonne akasema hapana, anaondoka. Arlys hakumkaribisha mara ya pili.

Habari hii inaandikwa kwa sababu Arlys mwenyewe ameruhusu, majina na yote. Alipoombwa, alijibu "andika" mara ya kwanza tu.

Imebaki mwezi mmoja na siku nne kufika tarehe thelathini Juni. LaVonne anapiga simu nusu saa kila asubuhi kabla kliniki haijafunguliwa. Mchana, Connie akila, yeye LaVonne anachukua gari anapita nyumba moja moja na kuwaleta watu kwa mikono yake, mwenye kisukari, mwenye goti, mwenye presha. Wanasema wasisumbue. Anasimama mlangoni mpaka wavae viatu. Wagonjwa wamepanda hadi tisa kwa siku. Kampuni inataka kumi na wawili, na hata wakifika, muuguzi wa kumpokea Connie hayupo.

Mpango wake ni huu. Julai, kama mlango utakuwa umefungwa, atatoa viti vya nyuma vya gari lake aweke godoro, na kila Jumanne na Ijumaa atawapeleka watu hospitali ile ya maili sitini na mbili. Ameshaweka karatasi kanisani wajiandikishe.

"Wangapi wamejiandikisha?" anaulizwa.

"Hakuna," anasema. "Lakini mmoja amenitumia keki."

Saa mbili kamili. Anageuza kibao cha mlangoni kisomeke kuwa pamefunguliwa, anarudi mezani, anapiga namba ya mia moja na kumi na nane. Inaita muda mrefu.

Wewe unayesoma, jiweke kwenye kiti chake. Mume wa mwenzako mmemzika leo. Yeye amekuambia usiseme, na ameyasema hayo mara moja tu, kwa sauti ndogo, jikoni kwake. Mkononi una namba ya simu ya mtu pekee anayeweza kuja kuwatibu. Ungemuuliza mjane mara ya pili usiku uleule, ungepiga bila kumuuliza, au ungeosha vyombo ukaenda nyumbani?